Sahihi Isiyo na Mkono: Risiti za Kariakoo na Uthabiti wa Saini za Kidijitali

Mnunuzi anayelipia doti za kanga au jora la kitambaa katika mtaa wa Kongo, Kariakoo, mjini Dar es Salaam, aghalabu hupewa kipande cha karatasi nyembamba kilichotoka katika mashine ndogo iliyo kando ya droo ya fedha, au katika kompyuta ya duka. Juu ya karatasi hiyo pana jina la duka na namba ya mlipa kodi. Katikati pana bei. Na chini pana mraba wa vitone vyeusi na vyeupe pamoja na msimbo wa herufi na tarakimu. Hapana muhuri wa mpira juu yake, wala jina lililoandikwa kwa kalamu. Walakini Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, huupokea ujumbe uliokwenda kwake kuhusu mauzo hayo kama neno lililotoka kwa mwenye duka mwenyewe. Kinachouthibitisha ujumbe huo si mkono wa mtu bali ni hesabu, na hesabu hiyo huitwa saini ya kidijitali.

Kwa kuwa risiti hizo zimekwisha kuleta ugomvi zaidi ya mara moja kati ya serikali na wafanyabiashara, yafaa kueleza saini ya namna hii ni kitu gani, ni nani awezaye kuighushi, na inathibitisha nini. Swali hilo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi, na ndilo lenye gharama kubwa kwa watu wa Kariakoo.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili kwa jambo moja. Neno saini limetoka katika Kiingereza, na leo ndilo linalosikika zaidi maofisini. Neno la zamani zaidi ni sahihi, lililotoka katika Kiarabu, nalo lina maana mbili: alama aitiayo mtu chini ya waraka, na jambo lililo kweli, lisilo na kosa. Kamusi Sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 iliziandika maana zote mbili chini ya neno hilo moja. Katika maisha ya zamani haikuwa hatari kuzichanganya, maana mtu aliyetia sahihi yake mbele ya mashahidi alikuwa akikiri kwamba maneno ya waraka ni kweli. Katika saini ya kidijitali maana hizo mbili zimeachana kabisa. Hesabu yaweza kuthibitisha kwamba ujumbe umetiwa sahihi; haiwezi kuthibitisha kwamba ujumbe ni sahihi.

Ili kuona faida ya saini, na itazamwe kwanza hali ya ujumbe usiokuwa nayo. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilienea nchini tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2008, na tangu hapo wauzaji wengi wamepata kutapeliwa kwa namna moja. Mnunuzi huonyesha ujumbe mfupi usemao kwamba fedha zimekwisha kutumwa. Muuzaji husoma, huridhika, hutoa mzigo. Jioni akitazama salio haoni kitu. Ujumbe ule uliandikwa na tapeli mwenyewe, au ulikuwa wa zamani na tarakimu zake zikabadilishwa. Ujumbe mfupi wa simu hauna saini ambayo muuzaji aweza kuihakiki. Maneno yake ni maneno tu, na awezaye kuandika barua moja aweza kuandika barua zote. Ndiyo sababu muuzaji mzoefu hatazami simu ya mnunuzi hata kidogo, hutazama salio lake mwenyewe.

Muhuri wa mpira nao hausaidii sana. Mafundi wa kuchonga mihuri hawakosekani mjini, na alama iliyo moja katika kila waraka, mtu akiiona mara moja, aweza kuiiga. Hapa ndipo saini ya kidijitali inapoachana na muhuri na kalamu. Saini hiyo haibandikwi juu ya ujumbe, bali huzaliwa kutokana na ujumbe wenyewe. Barua mbili tofauti huzaa saini mbili tofauti, na nukta moja ikibadilika saini ya kwanza haifai tena. Fikra hiyo ilitolewa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, wataalamu wa Marekani, na njia mashuhuri ya kuitekeleza ilibuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, ambao herufi za kwanza za majina yao zimeipa jina lake, RSA.

Katika njia hiyo mwenye kutia saini ana funguo mbili. Ufunguo wa siri hukaa kwake na hutumika kutia saini. Ufunguo wa wazi hutangazwa kwa watu wote na hutumika kuhakiki. Uthabiti wa jambo zima umo katika tofauti hii: aujuaye ufunguo wa wazi, hata akiutazama mwaka mzima, asiweze kuupata ule wa siri.

Mfano mdogo utalieleza jambo hili vizuri kuliko maneno mengi. Mwenye duka achukue namba tasa mbili, 5 na 11, azizidishe apate 55. Ufunguo wake wa wazi uwe 55 pamoja na 3, na ufunguo wake wa siri uwe 27. Atakapo kutia saini namba 2, huizidisha kwa nafsi yake hadi kufikia kipeo cha 27, kisha hugawanya kwa 55 na kuchukua baki. Baki hiyo ni 18, nayo ndiyo saini. Mhakiki hana haja ya kuijua 27. Yeye huchukua 18 kwa kipeo cha tatu, apate 5832, agawanye kwa 55, na baki ni 2. Namba imerudi, saini ni halali. Vivyo hivyo saini ya namba 3 ni 42, maana 42 kwa kipeo cha tatu ni 74088, na ikigawanywa kwa 55 baki ni 3.

Katika mfano huu mtoto wa shule aweza kuvunja 55 kuwa 5 mara 11, na kutokana na hapo akaipata 27. Lakini namba zinazotumiwa kweli zina tarakimu zipatazo 617, na hapana mtu aliyepata kuonyesha njia ya kuivunja namba ya ukubwa huo, iliyochaguliwa vizuri, kwa kompyuta za leo. Namba kubwa kabisa ya aina hiyo iliyovunjwa hadharani kufikia mwaka 2020 ilikuwa na tarakimu 250, na kazi hiyo, kama ingefanywa na kiini kimoja tu cha kompyuta, ingechukua miaka ipatayo 2700.

Yamkini msomaji ataona kwamba hapo neno limekwisha: namba ikiwa kubwa, saini ni salama. Wengi walidhani hivyo, nao walikosea. Na azitazame tena saini mbili za mfano, 18 na 42. Mnunuzi mwerevu aliyezipata kwa halali, moja ya namba 2 na moja ya namba 3, hana ufunguo wa siri wala hajaivunja 55. Yeye huzidisha 18 kwa 42, apate 756, agawanye kwa 55, na baki ni 41. Kisha huhakiki kama ahakikivyo mtu yeyote: 41 kwa kipeo cha tatu ni 68921, na baki yake kwa 55 ni 6. Basi 41 ni saini halali ya namba 6, na mwenye duka hakupata kuitia saini namba 6 hata siku moja. Ukubwa wa namba hauzuii hila hii. Kwa tarakimu 617 inafanya kazi sawasawa na kwa 55. Mlango ulikuwa imara, ila ukuta wa pembeni haukujengwa.

Kutokana na hila za namna hii wataalamu walijifunza kwamba haitoshi kusema saini ni ngumu kughushi. Sharti isemwe ni ngumu kwa nani, na mtu huyo ameruhusiwa nini. Maelezo yaliyokubalika ulimwenguni yaliandikwa mwaka 1988 na Shafi Goldwasser, Silvio Micali na huyo Rivest. Walimkirimu adui kuliko ilivyo desturi. Adui aruhusiwe kumwendea mwenye ufunguo na kumwomba atie saini maneno yoyote ayatakayo adui, mara nyingi apendavyo, na kila apatapo jibu aweze kuchagua swali jingine kwa werevu zaidi. Mwishowe, akileta ujumbe mmoja tu usiokuwa miongoni mwa aliyoyaomba, nao una saini halali, basi utaratibu umeshindwa, hata kama ujumbe huo hauna maana yoyote.

Huenda ukali huo ukaonekana umepita kiasi. Mtu wa Kariakoo angeuliza, karatasi isiyo na maana itamdhuru nani? Jibu ni kwamba hesabu haijui maana. Namba 6 ya mfano wetu ni namba tu, lakini pahali pengine yaweza kuwa magunia sita au shilingi milioni sita. Tena mfanyabiashara wa soko ni mtu atiaye saini kila aombwapo, mamia ya mara kwa siku, kwa kila mteja aingiaye mlangoni. Adui aliyewaziwa na wataalamu wale, mwenye ruhusa ya kuomba saini apendavyo, si adui wa vitabuni. Katika duka la rejareja ndiye mteja wa kawaida.

Tiba ya hila ile ni kutoutia saini ujumbe wenyewe, bali muhtasari wake. Ujumbe, uwe mfupi au mrefu kama kitabu, hupitishwa katika hesabu inayousaga na kutoa namba ya urefu mmoja. Hesabu hiyo lazima iwe ya kwenda tu, isiyorudi nyuma, na watu wasiweze kupata jumbe mbili zenye muhtasari mmoja. Mihtasari ya 2 na 3 ikizidishwa haitoi muhtasari wa 6, na kwa hiyo hila ya kuzidisha hufa. Lakini sasa mzigo umehamia pengine. Ikiwa jumbe mbili zitapatikana zenye muhtasari mmoja, saini ya ule mwema itakuwa vilevile saini ya ule mwovu.

Jambo hilo limetokea. Muhtasari uitwao MD5 ulivunjwa mwaka 2004 na Xiaoyun Wang na wenzake wa China, na mwisho wa mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kwa njia hiyo waliweza kujipatia hati ya uongo ya kuthibitishia tovuti, iliyoonekana halali kwa kompyuta zote. Ulifuata ule uitwao SHA-1. Mwezi wa Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na wa Google walitangaza nyaraka mbili tofauti zenye muhtasari mmoja wa SHA-1. Shirika la viwango la Marekani, NIST, lilikuwa limekwisha kukataza kuutumia katika kutia saini mpya tangu mwisho wa mwaka 2013.

Hapa habari inarudi Kariakoo. Zaidi ya mashine zenyewe, ambazo zilianza kutumiwa mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, TRA iliruhusu programu ya kompyuta kufanya kazi ya mashine, nayo hujulikana kwa herufi VFD. Mfanyabiashara hupewa ufunguo wake, na kila ujumbe wa mauzo huenda TRA ukiwa na saini. Maelezo waliyopewa waandishi wa programu hizo yalitaja njia ya RSA pamoja na muhtasari wa SHA-1. Mtu asikiaye hivyo baada ya kusoma habari za 2017 aweza kushtuka, na hofu yake si bure, kwa kuwa kitu kilichokwisha kukatazwa kwingine si kitu cha kujengea mfumo wa miaka mingi. Walakini yafaa kupima madhara kwa haki. Kasoro iliyoonyeshwa ni ya mtu atungaye nyaraka mbili mwenyewe, kisha akamfanya mwingine atie saini moja. Mgeni hawezi kwa njia hiyo kuichukua risiti iliyokwisha kutolewa na kuibadili bei. Na mfanyabiashara mwenyewe, kwa kuwa ufunguo ni wake, hana haja ya hila yoyote ya hesabu ili atie saini neno alitakalo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Katika biashara nyingi saini humlinda mwenye ufunguo na watu wa nje. Mtu akitia saini hundi, hofu ni kwamba mwizi ataiiga. Katika risiti ya kodi mambo yamepinduka: anayeshukiwa na serikali ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Hapana mtu Kariakoo aonaye faida ya kughushi risiti ya jirani yake ili jirani alipe kodi zaidi. Malalamiko ya serikali kwa miaka yote yamekuwa mengine, yaani kuuza bila ya kutoa risiti, na kuandika katika risiti bei iliyo ndogo kuliko iliyolipwa. Mzigo wa shilingi laki tano ukiandikwa laki moja, ujumbe ule utatiwa saini bila ya kosa, utafika TRA bila ya kubadilika hata nukta, na utahakikiwa kuwa halali. Umetiwa sahihi, wala si sahihi.

Mraba wa vitone ulio chini ya risiti nao haubadili hali hiyo. Mnunuzi akiupiga picha kwa simu yake hupelekwa katika tovuti ya TRA, akaonyeshwa risiti kama ilivyoandikwa katika daftari la Mamlaka. Huko si kuhakiki saini kwa ufunguo wa wazi, ni kuuliza daftari. Njia hiyo ni nzuri kwa kugundua karatasi ya uongo kabisa, iliyochapwa na mtu asiye na mashine. Lakini bei iliyopunguzwa na muuzaji itaonekana daftarini vilevile ilivyo katika karatasi.

Kwa sababu hesabu haifiki mahali hapo, serikali hutuma watu. Mwezi wa Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, na miongoni mwa malalamiko ya wafanyabiashara ilikuwa mwendo wa kikosi kazi cha TRA kilichokuwa kikipita madukani; mwezi wa Juni 2024 yakafungwa tena. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, ugomvi ulikuwa juu ya bei ya mashine zenyewe. Lawama nyingi zilizosikika zilielekezwa kwenye mashine, na watetezi wa mashine nao waliisifu kana kwamba ikishawekwa mezani udanganyifu umekwisha. Pande zote mbili ziliitwika mashine mzigo usio wake.

Liko jambo jingine linalomhusu mwenye duka zaidi ya ofisa wa kodi, nalo ni ulinzi wa ufunguo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki iliyo salama, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba iwe chini ya mamlaka ya mwenye kutia saini, na iunganishwe na ujumbe kwa namna ambayo badiliko lolote litaonekana. Sharti la pili hutimizwa na hesabu. La kwanza hutimizwa na mtu. Ikiwa ufunguo umo katika kompyuta ambayo kijana wa duka, mhasibu wa kupita na fundi wa programu wote wanaifungua kwa neno moja la siri, basi hesabu itathibitisha kwamba ufunguo wa duka ulitumika, na itanyamaza juu ya nani aliyeutumia. Deni la kodi litamfuata mwenye jina.

Wala ufunguo haupotei kwa uzembe wa dukani tu. Kampuni kubwa ya Sony ilitia saini programu za mashine yake ya michezo, PlayStation 3, kwa njia ambayo kila saini huhitaji namba mpya ya bahati nasibu, isiyorudiwa. Watengenezaji wakatumia namba ile ile kila mara. Mwezi wa Desemba 2010, katika mkutano wa Berlin, watafiti walieleza matokeo yake: saini mbili zenye namba moja ni milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, hesabu ya sekondari, na jibu lake ni ufunguo wa siri. Njia yenyewe haikuvunjwa, nayo hutumika hata leo.

Kuhusu kompyuta za kikwanta, ambazo Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba zikijengwa kubwa zitaivunja RSA, viwango vipya vya saini vilitolewa na NIST mwezi wa Agosti 2024. Saini zake ni nene: RSA ya tarakimu 617 hutoa saini ya baiti 256, na iliyo ndogo kabisa ya kiwango kiitwacho ML-DSA ni baiti 2420. Siku mfumo wa risiti utakapohamia huko, mashine zitatuma ujumbe mrefu zaidi, na gharama yake itagawanywa kwa namna fulani kati ya Mamlaka na maduka. Bei iliyopunguzwa itatiwa saini kwa njia hiyo mpya kama ilivyotiwa kwa ile ya zamani. Watu wawili tu waijua bei ya kweli, aliyetoa fedha na aliyezipokea, na mmoja wao mara nyingi amekwisha kuikunja karatasi na kushika njia ya kituo cha mabasi cha Msimbazi.